Samaki wetu wanapanda juu kuvuta hewa, na dawa hazisaidii

Kwako Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Goma, mtaa wa Himbi. Ninaandika kuhusu akwariamu ya nyumbani kwetu, jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini watoto wangu wamelia vya kutosha kwa sababu yake na mimi mwenyewe sijui tena nishike lipi niache lipi.

Mwezi wa tatu tulinunua akwariamu ya mtumba inayochukua lita 110 hivi, pamoja na chujio dogo la umeme na samaki wanane wa dhahabu. Aliyetuuzia alitukataza kutumia maji ya bomba kwa sababu yana dawa, akasema maji ya mvua ndiyo safi kuliko yote. Kwa kuwa msimu ulikuwa wa mvua nyingi na tuna tanki la kukingia maji ya mabati, tuliijaza yote kwa maji ya mvua, na tangu hapo kazi yetu ikawa kuongeza kidogo kila yanapopungua. Samaki walikaa salama kabisa. Watoto waliwalisha asubuhi na jioni, na mara nyingi waliwapa sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wakavu waliosagwa, kwa kuwa walivipenda vipande hivyo kuliko chakula cha dukani. Maji yalikuwa maangavu, hata wageni walikuwa wakiyasifu.

Kiangazi kilipoingia nikaona kioo kimeshika utelezi na maji yameanza kunuka, nikaamua kuyabadilisha. Maji ya mvua yalikuwa yamebaki robo ya tanki, nami ninayatunza kwa ajili ya kufulia, kwa hiyo nikachukua ya bomba. Nilikumbuka habari ya dawa, ndiyo maana nikayaacha katika mabeseni wazi tangu Ijumaa mchana hadi Jumamosi, ndipo nikatoa nusu ya maji ya zamani na kumimina hayo mapya. Jioni ileile samaki wote walipanda juu wakawa wanafungua na kufunga midomo bila kupumzika, mapezi wameyabana mwilini, na mashavu yao, ukiyatazama yanapofunguka, yalikuwa mekundu kupita kawaida. Asubuhi tulikuta wawili wamekufa.

Jirani mmoja alisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Nikanunua kapsuli za tetrasaiklini kwenye duka la dawa, nikazifungua na kumwaga unga wake ndani. Maji yakageuka rangi na kutoa povu, na samaki wakazidi kudhoofu. Baada ya hapo nikatoa changarawe na sponji ya chujio, nikaviosha kwa javeli, ile dawa kali ya klorini ya kufanyia usafi, na kuvisuuza sana, kwa kudhani kwamba vijidudu vimejificha humo. Wakafa wengine wawili. Sasa wamebaki wanne, na wawili kati yao wameota madoa meusi mgongoni na kwenye mapezi.

Mpwa wangu anayesoma kemia alikuja na vipimo vya matone. Amepata amonia miligramu 1 kwa lita na pH, yaani kipimo cha uchachu au magadi ya maji, 8.8. Anasema miligramu 1 ni kitu kidogo mno, haiwezi kuua samaki namna ile. Tena umeme kwetu hukatika usiku mara kwa mara, na chujio husimama hadi asubuhi. Baba watoto amechoka. Anataka tuwaachilie hao waliobaki ziwani, tuuze kioo.

Ninaomba unisaidie. Huu ni ugonjwa gani, na dawa yake ni ipi? Nimwage maji yote nianze upya? Na kwa nini samaki walioishi salama katika maji machafu wafe siku ile niliyowapa maji safi?

Mama Ushindi, Goma

Mama Ushindi,

Pole sana wewe na watoto. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yatafunguka, na nikisha kulijibu utaona kwamba hakuna dawa ya kununua hapa. Samaki wako hawakuambukizwa kitu. Ugonjwa wa kuambukiza huanza kwa mmoja au wawili na kuenea kwa siku kadhaa. Samaki wote wanapopanda juu pamoja, jioni ileile yalipobadilishwa maji, wakiwa na mashavu yaliyowaka, kinachowadhuru ni maji. Ni amonia, na kilichoipa nguvu ya kuua ni maji ya bomba, yatokayo Ziwa Kivu, uliyoikutanisha nayo.

Amonia hutoka kwa samaki wenyewe. Samaki anapokula protini, mabaki yake huyatoa hasa kupitia matamvua, yaani yale mashavu uliyoyaona mekundu, na mabaki hayo huwa amonia. Wafugaji hukadiria kwamba kilo moja ya chakula cha kawaida cha samaki, chenye protini ya asilimia 30, huishia kutoa takriban gramu 30 za amonia majini. Kwa akwariamu yako maana yake ni kwamba gramu moja tu ya chakula kwa siku huongeza karibu miligramu 0.3 katika kila lita. Sambaza wakavu wana protini karibu maradufu ya hiyo, kwa hiyo watoto, kwa mapenzi yao, walikuwa wakiongeza amonia kwa kasi kubwa, asubuhi na jioni, tangu mwezi wa tatu.

Katika akwariamu iliyokomaa amonia hiyo hailimbikizi. Kuna bakteria wanaokaa juu ya changarawe, kwenye kioo na zaidi ndani ya sponji ya chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Makundi hayo mawili huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Lakini bakteria hao wanahitaji bikabonati iliyoyeyuka majini, yaani ile chumvi ya magadi inayozuia maji yasiwe machachu, na maji ya mvua hayana bikabonati ya maana. Mvua ya Goma ina jambo lake jingine: hupita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla ya kufika kwenye mabati yako, na moshi huo huiongezea asidi. Maji ya namna hiyo yakikaa na samaki wanaokula kila siku huzidi kuwa machachu, na pH ikishuka kuelekea 6 bakteria hao karibu husimamisha kazi. Amonia ikabaki inajaa, wala hakuna aliyeiona, maana haina rangi na maji huendelea kung'aa.

Sasa utauliza: kama ilijaa, mbona hawakufa tangu mwezi wa nne au wa tano? Hapa ndipo mpwa wako, ambaye nampongeza kwa kuleta vipimo, aliposoma namba moja akaiacha ya pili. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili. Katika maji machachu karibu yote hujifunga na kuwa amoniamu, ambayo hupenya kwa shida ndani ya mwili wa samaki. Katika maji yenye magadi hujifungua ikawa amonia huru, na hiyo hupita moja kwa moja kwenye matamvua na kuyaunguza. Vile vipimo vya matone huhesabu sura zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo namba yake haina maana mpaka isomwe pamoja na pH. Kwenye joto la nyuzi 20, ambalo ndilo la vyumba vingi vya Goma, pH ikiwa 6.5 amonia huru haifiki hata asilimia 0.2 ya jumla. pH 7 ni asilimia 0.4, pH 8 ni karibu asilimia 4, pH 8.8 ni asilimia 20. Na pH 9 ni zaidi ya robo.

Maji ya bomba ya Goma huvutwa ziwani, na Kivu si ziwa la maji laini. Limejaa bikabonati na magnesiamu, na pH ya maji yake ya juu hufika 9 na kupita. Tufanye hesabu pamoja. Umetoa nusu ya maji na sasa kipimo kinaonyesha miligramu 1; basi kabla ya hapo, ukiacha yaliyoongezeka baadaye, yalikuwa kwenye miligramu 2 hivi. Katika maji yale ya mvua, tuseme pH 6.5, miligramu 2 hizo zilikuwa na amonia huru isiyozidi miligramu 0.003. Siku ya Jumamosi uliipunguza amonia yote kwa nusu, lakini pH ikaruka hadi 8.8, na katika miligramu 1 iliyobaki, miligramu 0.2 ikawa huru. Umepunguza jumla yake mara mbili, na sumu yenyewe ikazidi kama mara themanini, ndani ya dakika chache. Wanaofuga samaki kwa uangalifu hawataki amonia huru ipite miligramu 0.05. Kwa hiyo mpwa wako anaposema miligramu 1 si kitu, angekuwa sawa mahali ambapo bomba hutoa maji laini, si Himbi.

Klorini, yaani ile dawa ya maji ya bomba, nimeifikiria pia. Kuyaacha maji wazi usiku kucha kulikuwa jambo jema na kwa maji ya bomba kwa kawaida hutosha. Ila wasomaji wengine wanaochota kando ya ziwa, mahali ambapo bidoni (madumu ya maji) hutiwa klorini kwa sindano kwa ajili ya kuzuia kipindupindu, wajue kwamba kipimo kile kimewekwa kwa ajili ya kumlinda mwanadamu na ni kikali. Maji hayo yaachwe wazi siku nzima na zaidi, yakimiminwa mara kadhaa kutoka ndoo moja hadi nyingine.

Haya, tufike kwenye kazi ya leo. Usimwage maji yote. Ukijaza akwariamu nzima kwa maji ya bomba utawarusha samaki wanne walio dhaifu hadi pH 9 au zaidi, na ukijaza maji ya mvua matupu utawaangusha ghafla upande wa pili. Matamvua yaliyoungua hayastahimili ngazi hizo. Wala usitie siki au limau ili kushusha pH, kama utakavyoshauriwa na wengi. Bikabonati ya Kivu itaimeza asidi hiyo, maji yatatoa gesi ya kaboni kwa wingi, pH itashuka kwa saa chache kisha itarudi palepale, na samaki watakuwa wamesukumwa huku na huku bure.

Fanya hivi. Ile robo ya tanki la mvua uliyoitunzia nguo, ikate kidogo kwa ajili ya samaki. Changanya nje ya akwariamu, katika beseni, nusu maji ya mvua na nusu maji ya bomba yaliyokaa wazi, kwa kuwa huo ndio mchanganyiko uliomo ndani sasa, na kwa hiyo pH haitatikisika. Acha beseni chumba kilekile hadi joto lilingane. Kisha toa lita 28 hivi, yaani robo ya maji, na urudishie za beseni polepole, asubuhi na jioni, kwa siku mbili. Kila robo huacha robo tatu za amonia, kwa hiyo baada ya mara nne jumla itakuwa imeshuka kuelekea miligramu 0.3. Baada ya hapo mara moja kwa siku inatosha mpaka kipimo kionyeshe karibu na sifuri. Ukitumia maji ya bomba matupu kwa robo hizo, utapunguza amonia huku ukipandisha pH, na mkono mmoja utakuwa unabomoa kile unachojenga mwingine.

Na chakula kisitishwe. Najua hapa ndipo watoto watakapokuona mkatili, lakini samaki wa dhahabu mzima huvumilia wiki nzima bila kula pasipo madhara, na kila chembe usiyoiweka ni amonia ambayo hutalazimika kuiondoa. Wape siku tano za kufunga, kisha rudia kwa kiasi kinachomalizwa ndani ya dakika moja, mara moja kwa siku. Sambaza wabaki kwenye chungu chenu.

Hewa ni ya pili baada ya maji. Goma iko juu ya meta 1,450 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika oksijeni kidogo kuliko ya pwani: kwenye nyuzi 20 maji ya pwani huweza kushika miligramu 9 kwa lita, ya kwenu hayafiki 8. Samaki mwenye matamvua yaliyovimba hawezi hata kuitumia vyema hiyo iliyopo, ndiyo sababu anapanda juu. Kama chujio lako lina mdomo wa kutolea maji, uinue ili maji yaanguke na kuvunja uso wa maji. Umeme ukikatika, mtu achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kwa dakika kadhaa kabla ya kulala na tena alfajiri. Mkipata nafasi, nunueni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au iunganishwe na sola ya nyumba kama mnayo. Kifaa hicho huwaokoa pia bakteria wa sponji, ambao nao hufa kwa kukosa oksijeni chujio likisimama kwa saa nyingi.

Kuhusu tetrasaiklini, isingefaa hata kama samaki wangekuwa na ugonjwa wa bakteria, kwa sababu dawa hiyo hushikamana na kalsiamu na magnesiamu, na katika maji yenye mchanganyiko wa Kivu sehemu kubwa yake hufungwa kabla ya kumfikia samaki. Sehemu inayobaki inaweza kuwadhoofisha bakteria wema. Javeli ilimaliza hao waliokuwa wamesalia. Kwa maneno mengine, akwariamu yako leo ni mpya kabisa ijapokuwa kioo chake ni cha mtumba, na kazi ya wiki nne hadi sita inaanza sasa. Tangu leo sponji ioshwe kwa kukamuliwa tu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye akwariamu, bila sabuni wala maji ya bomba, na changarawe isiguswe siku moja na sponji.

Mtu atakuambia uweke makala ya jikoni, yaani mkaa, ndani ya chujio. Makala huondoa rangi na harufu kwa kiasi fulani, lakini amonia hayaishiki. Ninyi wa Goma mna kitu bora kuliko hicho, nacho mnakikanyaga kila siku. Mawe mepesi ya lava, yale yenye matundu mengi, ni makazi mazuri sana ya bakteria, kwa sababu kila tundu ni uso wa kujishikiza. Watu wa nchi nyingine huyanunua madukani kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Chagua yenye ukubwa wa karanga hadi wa ndimu, yasiyotoka kando ya barabara ambako mafuta ya magari humwagika. Yapige brashi, yachemshe, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji hadi vumbi jeusi liishe, kisha uyapange ndani ya chujio au kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa mbele ya mkondo wa maji. Usiyatandaze chini kwenye akwariamu, kwa maana kingo zake hukata, na samaki wa dhahabu hupenda kuchokoa chini kwa mdomo. Ukimpata mtu mwenye akwariamu ya muda mrefu isiyo na samaki wagonjwa, mwombe akukatie kipande cha sponji yake chafu. Kilete kikiwa kimelowa, kiweke karibu na mawe hayo, na wiki zako sita zinaweza kupungua sana.

Amonia itakaposhuka, mpwa wako aanze kupima nitriti, maana itapanda baada yake. Nitriti huharibu damu isibebe oksijeni, na dalili yake ni samaki kuhema tena ilhali amonia ni ndogo. Matamvua huelekea rangi ya kahawia. Hapo chumvi ya kupikia husaidia: gramu 1 kwa lita, yaani gramu 110 kwa akwariamu yako, iyeyushwe pembeni na kuongezwa kwa sehemu tatu ndani ya siku moja. Kloridi iliyomo katika chumvi hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua, isiingie kwa wingi. Unapobadilisha maji, rudishia chumvi ya kiasi cha maji uliyoyatoa tu.

Madoa meusi yasikutishe. Kwa samaki wa dhahabu aliyeunguzwa na amonia, ngozi inapoanza kupona mara nyingi hutoa rangi nyeusi mahali palipoungua, nayo hufifia ndani ya wiki kadhaa. Hao wawili wanapona. Ninachotaka ukitazame ni vitu tofauti: punje nyeupe ndogo mithili ya chumvi zilizotapakaa mwilini, mapezi yanayooza pembezoni na kurudi nyuma siku hadi siku, au magamba yanayosimama tumbo likivimba. Matamvua yaliyoumia hufungua mlango kwa maradhi hayo, na ukiona mojawapo uniandikie upya ukilieleza vizuri, badala ya kurudi kwenye kapsuli.

Kwa siku za mbele, chagua mchanganyiko mmoja na usiubadilishe. Ningekushauri bidoni moja ya bomba kwa bidoni mbili za mvua. Theluthi moja ya maji ya Kivu inatosha kuwapa bakteria bikabonati yao na kuizuia pH isianguke, na mvua huyapunguza makali ya magadi. Uhamie huko taratibu kwa robo za kila wiki. Mvua ikikosekana kabisa mwezi wa saba, usiruke; ongeza sehemu ya bomba kidogo kidogo. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, kwa sababu yanasafisha vumbi na majivu juu ya nyumba, na kama mabati yako ni mapya yanaweza kutoa zinki, ambayo samaki hawaiwezi.

Nimebakiza neno la baba watoto. Mwambie kwa heshima kwamba ziwani hapana. Samaki wa dhahabu si wa Kivu, na samaki mgeni akiachiliwa hatujui atakachokifanya. Hata sambaza tunaowala leo waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na pamoja na faida yote waliyoleta kwa wavuvi, waliwala vijidudu fulani vya majini hadi vikatoweka ziwani humo. Akitaka kupunguza mzigo yuko sahihi kwa upande mmoja: lita 110 hazikuwatosha samaki wanane wa dhahabu, maana samaki huyu akitunzwa vyema hupita sentimeta 20. Hata wanne ni wengi. Wakisha kupona, wawili wapewe mtu mwenye bwawa la uani lililojengewa, lisilo na mfereji wa kwenda ziwani, na wawili wabaki kwa watoto. Asinunuliwe samaki mwingine mpaka amonia na nitriti zisome sifuri kwa wiki mbili mfululizo huku hao wawili wakila kila siku.